TNF iliyotoweka: uchambuzi wa kisa cha galektini ya mnyoo

Seli nyeupe za damu ya mbuzi zilimiminiwa galektini ya mnyoo, yaani protini yake inayoshika sukari, zikatoa majibu mawili yasiyopatana. Limfosaiti zilizokuwa zimechochewa zizaliane zilipunguza kasi, jambo linalotarajiwa kwa protini ya kimelea anayeishi miezi ndani ya mwili wa mwenyeji bila kufukuzwa. Lakini monosaiti zilizokuwa kwenye kisima kilekile cha sahani ya maabara zilimwaga TNF-alfa, ishara ya kuwasha kinga, kwa wingi ndani ya saa chache, na IL-10, ishara ya kuituliza, ikafuata kesho yake. Rasimu ya makala ikasema galektini hii inawasha na kuzima kinga kwa wakati mmoja, ikachorewa na mchoro wa mishale kuonyesha namna inavyofanya hivyo.

Nilipoisoma rasimu hiyo sikuusumbukia mchoro. Nilichotaka kujua ni kama majibu yale mawili yalitoka kwa kitu kimoja. Msimamo wangu ni kwamba hayakutoka, na nitaeleza kwa nini vipimo vinne vilivyofanywa kuthibitisha kwamba yalitoka kwa galektini havikuweza kuthibitisha hilo hata vingefanywa kwa uangalifu gani.

Kisa nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi za aina hii. Kwa hiyo hakina kikundi cha kunyooshewa kidole, na namba za vipimo vya maabara hii ni za mfano wa hesabu. Biolojia iliyomo ni ya kweli.

Mnyoo na protini yake

Haemonchus contortus huishi kwenye tumbo la nne la kondoo na mbuzi na hunyonya damu. Makadirio ya kawaida ni kwamba mnyoo mmoja humgharimu mwenyeji takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, na jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mnyama mwenye maelfu ya minyoo hupungukiwa damu hadi ufizi ukawa mweupe. Kinachoshangaza wanakinga ni kwamba kimelea kinachojichimbia kwenye ukuta wa tumbo namna hii kinavumiliwa muda mrefu kiasi hicho. Ndiyo maana watu huchunguza protini zinazotoka kwa mnyoo, wakitafuta zile zinazolegeza kinga.

Galektini ni lektini (protini zinazonata kwenye sukari) zinazoshika sukari zenye galaktosi iliyounganishwa kwa kiungo cha beta. Hazihitaji kalsiamu, tofauti na familia nyingine kubwa ya lektini za wanyama, na hazina kipande cha mwanzo kinachoielekeza protini itoke nje ya seli kwa njia ya kawaida. Kila kikoa cha kushika sukari kina takriban asidi amino 130. Mwaka 1992 Hirabayashi na Kasai, pamoja na wenzao, walieleza galektini ya kilodaltoni 32 kutoka kwa mnyoo huru Caenorhabditis elegans yenye vikoa viwili mfululizo kwenye mnyororo mmoja. Za Haemonchus zina umbo hilohilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing wameonyesha katika kazi kadhaa kwamba galektini rikombinanti za mnyoo huyu, yaani zilizotengenezwa kwa jeni yake iliyopandikizwa kwenye bakteria, hupunguza kuzaliana kwa seli nyeupe za mbuzi, na mwaka 2015 walitaja protini ya utando wa seli, TMEM63A, kuwa mojawapo ya washirika wake.

Kikundi cha kisa chetu hakikuwa kinabuni kitu kigeni. Kilitaka kurudia jambo hilo, kisha kisogee hatua moja hadi kwenye monosaiti.

Utengenezaji

RNA ilitolewa kwenye minyoo wazima, ikageuzwa cDNA (nakala yake ya DNA), jeni ikakuzwa kwa PCR na kuingizwa kwenye vekta (kibebeo cha jeni) ya pET yenye mkia wa histidini sita. Bakteria waliochaguliwa ni E. coli BL21(DE3). Kwa galektini huu si uchaguzi mbaya. Protini hii haitegemei kupambwa kwa sukari, na makazi yake ya asili ni ndani ya seli, si nje. Kwa lektini kubwa ya Entamoeba histolytica inayoshika galaktosi na N-asetili-galaktosamini, iliyojaa sisteini zinazotakiwa kufungana kwa mpangilio maalumu, bakteria hawa wangekuwa tabu tupu.

Walipowachochea bakteria kwa kemikali ya IPTG watengeneze protini kwenye nyuzi 37, karibu protini yote iliganda ndani ya bakteria kama mabonge yasiyoyeyuka. Waliposhusha hadi nyuzi 18 na kuacha usiku kucha, sehemu nzuri ilibaki kwenye maji. Walifanya vyema kutoshawishika na njia ya kuyeyusha mabonge kwa urea ya molari 8 na kuikunja upya, kwa sababu galektini iliyokunjwa nusunusu huonekana kwenye jeli sawasawa na iliyo hai. Safu ya nikeli ikafuata: imidazoli kidogo ya kuoshea, nyingi ya kung'olea. Kwenye jeli ulionekana mstari mmoja mnene wa kilodaltoni 34 hivi, yaani galektini na mkia wake. Rasimu iliandika kwamba protini ilikuwa safi kwa zaidi ya asilimia 95.

Hapa ndipo nilipoanza kuweka alama kwa kalamu. Rangi ya Coomassie hushika protini. Lipopolisakaridi, yaani endotoksini ya ukuta wa nje wa E. coli, haionekani kwa rangi hiyo hata ikiwa imejaa kwenye chupa. Usafi wa asilimia 95 kwenye jeli ni habari kuhusu protini nyingine tu. Kuhusu kile ambacho monosaiti hukiogopa kuliko vyote, jeli imenyamaza kabisa.

Alama ya pili niliiweka mahali ambapo hapakuandikwa kitu: safu ya laktosi haikutumika. Nikeli hushika mkia wa histidini, iwe protini imekunjika vizuri au imeharibika. Safu yenye laktosi au asialofetuini hushika tu galektini inayofanya kazi, na humwachia mtu aing'oe kwa laktosi. Hatua hiyo moja ingetenganisha walio hai na wafu kabla ya kugusa seli.

Kipimo cha kugandisha damu walikifanya, na walikifanya vizuri. Kwenye sahani yenye visima vyenye kitako cha mviringo, galektini ilipunguzwa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, kisha seli nyekundu za sungura za asilimia 2 zikaongezwa. Baada ya saa moja unasoma kwa jicho. Mahali ambapo lektini haitoshi, seli huteleza hadi kitakoni na kutengeneza kitone chekundu chenye kingo kali. Mahali ambapo inatosha, seli hushikana na kutanda kama utando mwembamba wa waridi unaofunika kitako kizima. Utando uliendelea hadi kisima cha sita kisha ghafla vitone vikaanza. Walipoongeza laktosi, vitone vilirudi kila mahali. Walipoongeza sukrosi kwa kiwango kilekile, utando ulibaki. Hapo galektini ilikuwa imejieleza: iko hai, vikoa vyake vinashika, na inashika kile inachopaswa kushika.

Bafa yao ilikuwa na merkaptoethanoli ili sisteini zisiungue kwa oksijeni, maana baadhi ya galektini hupoteza uwezo zikiachwa bila kinga hiyo. Sawa. Ila kemikali hiyo ilifuatana na protini hadi kwenye seli. Jambo hilo litarudi.

Majibu ya seli

Seli nyeupe zilitenganishwa kwa Ficoll, zikawekewa galektini ya mikrogramu 5, 10, 20 na 40 kwa mililita. Kuzaliana kulichochewa kwa konkanavalini A, ambayo nayo ni lektini, ya mmea, inayoshika manosi na glukosi. Nina kinyongo kidogo na mpango huu wa kupima lektini moja kwa kuchochea na lektini nyingine, kwa sababu zote mbili zinagombea glikoprotini zilezile za uso wa seli. Ni desturi ya wengi, lakini desturi haiondoi shaka. Kisima cha pembeni chenye PMA na ionomisini, zinazoruka uso wa seli na kuchochea kutoka ndani, kingetosha kuonyesha kama limfosaiti zimelegea kweli au zimezuiwa tu zisimfikie mchochezi.

Kupungua kwa kuzaliana kulifuata dozi: kidogo kwenye mikrogramu 5, kingi kwenye 40. TNF haikufuata. Kwenye mikrogramu 5 ilikuwa tayari juu kabisa, na ikabaki hapohapo hadi 40.

Ukiniuliza ni wapi kisa kilipofunguka, nitakuonyesha grafu hizo mbili zikiwa pamoja. Protini ileile, seli zilezile, dozi zilezile, lakini moja inapanda ngazi na nyingine imeshafika darini kabla ya ngazi kuanza. Mtu anaweza kusema vipokezi ni viwili na kimoja ni chepesi kuliko kingine. Inawezekana. Lakini kitu kinachojulikana kujaza monosaiti hadi juu kwa kiasi kidogo mno, kikileta TNF mapema na IL-10 baadaye, kina jina, na hutoka kwa bakteria walewale waliotumika kuitengeneza protini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vipimo vinne vya utetezi

Wao hawakuwa wazembe. Walijua swali la endotoksini litakuja, wakatayarisha majibu manne.

La kwanza, polimiksini B. Dawa hii hushika sehemu ya mafuta ya endotoksini na kuinyamazisha. TNF ilishuka kwa theluthi moja tu, wakahitimisha kwamba theluthi mbili zilizobaki ni za galektini. Lakini polimiksini ina kiwango chake cha kushika, na endotoksini ikizidi hubaki nyingine huru. Haigusi lipoprotini za bakteria, zinazochochea seli kwa njia ya TLR2, kipokezi kimojawapo cha kinga. Isitoshe, kama lektini yenyewe imeikumbatia endotoksini, polimiksini inaweza isipate pa kushika. Hili la mwisho si dhana ya kujitungia: galektini-3 ya binadamu na wanyama inajulikana kushika lipopolisakaridi za bakteria kadhaa.

La pili, kuchemsha. Galektini iliyochemshwa ilipoteza nusu ya uwezo wa kutoa TNF, nao wakasema endotoksini huvumilia moto, basi kilichoharibika ni protini. Maelezo hayo yamo kwenye vitabu vingi na yana ukweli, ila yana mpaka. Mwaka 2006 Gao, Wang na Tsan walionyesha kwamba uwezo wa endotoksini kuchochea saitokini (ishara za kinga kama TNF) hupungua kwa joto, hasa kiasi chake kikiwa kidogo. Tena protini inayoganda kwa kuchemshwa huweza kuzama na endotoksini iliyoshikana nayo. Nusu iliyopotea haisemi ni ya nani.

La tatu, kuziba TLR4. Kizuizi kilipowekwa, TNF ilikatika karibu yote. Kwa msomaji mwenye shaka huu ni ushahidi dhidi yao, kwa sababu TLR4 ndicho kipokezi cha endotoksini, kama kundi la Bruce Beutler lilivyoonyesha mwaka 1998 kwa panya wa C3H/HeJ. Wao waliusoma vingine: galektini inashika sukari zilizo juu ya TLR4 na kuiwasha. Hapa ni lazima niwatendee haki. Jambo la namna hiyo lipo. Lektini mbili za Toxoplasma gondii, MIC1 na MIC4, zimeonyeshwa kuwasha seli kwa kushika sukari za TLR2 na TLR4, na seli zikatoa IL-12. Kwa hiyo kwa lektini, kuzimika kwa majibu TLR4 ikizibwa hakumwondolei mtu lawama wala hakumtii hatiani. Kipimo kinachotosha kwa protini ya kawaida kwa lektini hakikati shauri.

Historia ya uwanja huu inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Kwa miaka kadhaa protini za joto Hsp60 na Hsp70 zilisemwa kuwa zinawasha makrofeji kwa TLR4, hadi mwaka 2003 Gao na Tsan walipoonyesha kwamba Hsp70 rikombinanti ikisafishwa endotoksini haitoi TNF tena. Hata endotoksini yenyewe iliwahi kusingiziwa: ilidhaniwa kuwasha TLR2, kisha mwaka 2000 ikasafishwa upya kwa fenoli na uwezo huo ukatoweka, kumbe ulikuwa wa uchafu uliomo.

La nne, laktosi. Hili ndilo walilolitegemea zaidi, na ndilo lenye mtego mkubwa. Laktosi ya milimolari 50 ilipunguza TNF kwa zaidi ya nusu. Sukrosi ya kiwango hichohicho haikuipunguza. Endotoksini peke yake haijali laktosi. Basi, wakasema, TNF inatokana na kushika sukari, na anayeshika sukari ni galektini.

Hoja ni nzuri hadi uulize galektini inafanya nini inaposhika. Kama imeibeba endotoksini, basi kushika sukari za uso wa monosaiti kunaileta endotoksini hiyo karibu na vipokezi. Laktosi ikiizuia galektini isishike seli, mzigo nao haufiki, TNF inashuka. Na kama endotoksini imeshikwa kwa mlango uleule wa sukari, laktosi itaing'oa na kuiacha ielee. Kwa njia zote mbili laktosi itapunguza TNF bila galektini kuwasha kipokezi chochote.

Hesabu ambayo haikuwemo kwenye rasimu

Kipimo cha endotoksini kilikuwa kimefanywa na kuandikwa kwa sentensi moja: kiwango kilikuwa chini. Nilipoomba namba, ilikuwa yuniti 1,200 za endotoksini kwa miligramu ya protini kabla ya kusafishwa, na yuniti 3 baada ya kusafishwa kwa sabuni ya Triton X-114. Kikomo walichojiwekea kilikuwa yuniti 5.

Njia ya Triton ni ya kupendeza kuitazama. Kwenye barafu sabuni hiyo huchanganyika na maji na kuwa kimiminika kimoja kisicho na wingu. Ukiipasha hadi nyuzi 37 hugeuka maziwa, na sentrifuji huigawa: tone zito la sabuni chini, limebeba endotoksini, na protini juu kwenye maji. Unarudia mara kadhaa. Tatizo lake ni kwamba inayeyusha mshikamano wa endotoksini na protini za kawaida. Lektini inayoshika upande wa sukari wa endotoksini haina sababu ya kuiachia kwa ajili ya sabuni.

Tufanye hesabu. Yuniti moja ni takriban pikogramu 100 za endotoksini ya E. coli. Yuniti 3 kwa miligramu, kwenye dozi ya mikrogramu 40 kwa mililita, ni yuniti 0.12, yaani pikogramu 12 kwa mililita. Monosaiti za binadamu huanza kuitika kwenye makumi ya pikogramu. Kwa karatasi, wamepona kwa unyoya.

Lakini kipimo cha Limulus, kinachotumika kupima endotoksini, hutegemea endotoksini iwe wazi. Ikiwa imefichwa na protini au sabuni, kipimo hakiioni ingawa seli zitaiona. Kwa hiyo unapaswa kuongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli yenyewe na kuona unarudishiwa kiasi gani. Vitabu vya viwango vya dawa hukubali asilimia 50 hadi 200. Kwenye sampuli hii ilirudi asilimia 10. Kinachopimwa kuwa pikogramu 12 huenda kikawa 120 kwa dozi kubwa, na 15 kwa dozi ndogo. Na hapo tumehesabu endotoksini iliyoongezwa jana, si ile iliyokumbatiwa tangu bakteria walipopasuliwa.

Jedwali la yuniti kwa miligramu huvutia kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Kinachoikabili seli ni pikogramu kwa mililita ndani ya kisima, na namba hiyo haina maana mpaka uwe na mteremko wa dozi za endotoksini tupu kwenye seli za mbuzi huyohuyo, siku hiyohiyo. Kisima cha namna hiyo hakikuwepo.

Mutanti na bakteria wasio na makali

Ushauri wa kwanza ambao mtu yeyote angetoa ni mutanti, yaani galektini iliyobadilishwa isishike sukari. Karibu galektini zote zina triptofani moja inayolaliana na pete ya galaktosi. Kwenye galektini-1 ya binadamu ni ya nafasi ya 68. Ibadilishe, na kushika kunakatika huku umbo likibaki. Kwa galektini ya vikoa viwili unaibadilisha kote kuwili. Mutanti akitengenezwa kwa bakteria walewale, safu ileile ya nikeli na bafa ileile, atakuwa na uchafu uleule, na tofauti itakayobaki ni ya kushika sukari.

Ningekubali hivyo kwa macho mawili kama uchafu wenyewe haungekuwa na sukari. Kama galektini halisi huikamata endotoksini kwa mlango wa sukari, mutanti ataiachia inyeshe na maji ya kuoshea, na atatoka msafi kuliko mwenzake. Atashindwa kutoa TNF, nawe utaandika kwa furaha kwamba TNF inahitaji kushika sukari. Mutanti ni kidhibiti kizuri kwa kuzaliana kwa limfosaiti. Kwa TNF hakuna kidhibiti kitakachotosha mpaka endotoksini iondolewe kwenye chanzo.

Kwa hiyo galektini na mutanti wake vilitengenezwa upya ndani ya ClearColi, E. coli waliobadilishwa jeni ili wabaki na lipidi IVa badala ya endotoksini kamili. Kwa kipokezi cha binadamu lipidi IVa haiwashi, hata huzuia. Kwa panya huwasha. Kwa mbuzi ni bora usidhani. Weka kisima chenye lipidi IVa peke yake, nao walikiweka, kikabaki kimya. Mtu angeweza pia kutumia seli za binadamu za HEK293 badala ya bakteria. Hamira ya Pichia ingekuwa chaguo baya hapa, maana ingeondoa endotoksini na kuleta manani za ukuta wake, na seli za kinga zina vipokezi vya manosi pia.

TNF ikatoweka. Kwenye dozi zote nne, pamoja na ile ya 40, haikutofautiana na bafa. IL-10 ikaenda nayo, jambo linaloonyesha kwamba ile habari nzuri ya saitokini ya kutuliza ilikuwa mkia wa endotoksini uleule. Kuzaliana kuliendelea kupungua kwa kufuata dozi, karibu kwa mteremko wa mwanzo. Laktosi ilirudisha kuzaliana, sukrosi haikurudisha, mutanti hakufanya kitu.

Kilichobaki nacho kinahojiwa

Kupungua kwa kuzaliana si lazima kuwe kutulizwa. Galektini hugandisha seli nyekundu, itashindwaje kugandisha nyeupe? Mashine ya kuhesabu seli huona bonge la seli kumi kama tukio moja au hulitupa kabisa, na kwenye grafu hilo linafanana na seli kutozaliana. Dawa yake ni rahisi: ongeza laktosi dakika chache kabla ya kuhesabu, mabonge yafunguke. Walipofanya hivyo, karibu robo ya upungufu ilirudi. Robo tatu ni halisi.

Je, seli zinakufa? Aneksini V iliongezeka, na rasimu ilikuwa imeandika kifo cha kujipanga. Aneksini hushika fosfatidiliserini iliyojitokeza nje ya utando, lakini galektini-1 inajulikana kuitoa nje na kuirudisha bila seli kufa. Kemikali za kuzuia oksijeni nazo zimehusishwa na kuzifanya seli T ziwe rahisi kufa mbele ya galektini. Ile merkaptoethanoli ilirudi hapa: sampuli zilizoondolewa kemikali hiyo zilikuwa na aneksini ileile, lakini kaspasi 3, kimeng'enya cha kifo cha seli, haikuamka na seli zilizooshwa kwa laktosi zilizaliana tena. Neno kifo likafutwa.

Seramu pia iliwapa shida ambayo wengi hawaiwazi. Fetuini ya seramu ya ndama ina matawi ya sukari ambayo galektini huyapenda, hasa yakikosa asidi sialiki ya nchani. Kwenye seramu ya asilimia 10 sehemu ya galektini hukamatwa kabla haijafika kwenye seli. Ndiyo sababu dozi zinazofanya kazi kwenye kazi hizi huwa kubwa, na mikrogramu 40, zaidi kidogo ya mikromolari 1, haitupi picha ya kiasi anachoachia mnyoo tumboni.

Jaribio moja waliloliongeza lilinivutia kuliko yote. Walichukua galektini safi ya ClearColi na kuichanganya na endotoksini tupu, kidogo mno kiasi kwamba peke yake ilitoa TNF ya kuonekana kwa shida. Mchanganyiko ulitoa TNF mara kadhaa zaidi, na laktosi ikaizima. Galektini-3 nayo imeripotiwa kuongeza makali ya endotoksini kwa neutrofili, kwa hiyo jambo si geni katika familia. Maana yake ni kwamba galektini ya mnyoo haiwashi monosaiti, ila inaweza kuwafikishia mzigo wa bakteria. Kwa mnyoo anayetoboa tumbo la nne na kulipunguzia tindikali hadi bakteria wakaongezeka, swali hilo lina uzito, lakini linahitaji makala yake na bakteria wa humo wenyewe, si E. coli wa chupani.

Makala iliyotoka mikononi mwao sasa ina grafu ya kuzaliana kama habari kuu, TNF imewekwa kwenye kurasa za nyongeza pamoja na mteremko wa endotoksini, na mchoro wa mishale umeondolewa. Jaribio la chanjo walilokuwa wamelipanga limebadilishwa pia: kundi la kulinganisha halitapewa bafa na kiambata (kichocheo cha chanjo) tu bali mutanti na kiambata, vyote kutoka ClearColi, kwa sababu endotoksini ni kiambata chenye nguvu na ingeweza kuipa galektini sifa ya kukinga ambayo si yake. Chupa za zamani zilizobaki kwenye friza zimebandikwa lebo mpya. Zitatumika kuchanja sungura wa kutoa kingamwili na kwenye sahani za kugandisha damu, ambako endotoksini haina cha kuharibu.